Matundu ya Sindano kwenye Nguo ya Dada

Niliipindua nguo ya dada yangu, upande wa ndani ukawa nje, nikaishika dirishani penye mwanga, nikaona matundu. Hayakuwa matundu ya mende wala ya kuchakaa. Yalikuwa matundu ya sindano, yamejipanga mstari kutoka kwapani hadi nyongani, mahali palipokuwa na mshono na sasa hapana kitu. Mtu alikuwa ameibana nguo hiyo ubavuni akaivaa, kisha akafumua uzi wote na kuipiga pasi kabla haijanifikia. Na mtu huyo hakuwa mwingine ila dada mwenyewe, kwa maana mkono wake naujua tangu alipokuwa akinitilia viraka kwenye kaptura za shule.

Nilikaa chini. Nguo ilikuwa kubwa, ya mwanamke aliyejaa, kama nilivyomjua dada siku zote. Ila aliyeifumua hakuwa mkubwa tena, na hakutaka nijue.

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko Kibarani, hapa Kilifi. Nashona sare za shule, kanzu za Idd, na magauni ya watu wenye haraka. Sikuwa na haja ya kufundishwa kushona katika umri huu. Lakini nilisikia kwamba Malindi, katika nyumba moja ya mji wa kale, kila Jumamosi kunafundishwa kushona nguo za zamani za pwani kwa mkono mtupu: suruali ya marinda waliyokuwa wakivaa bibi za bibi zetu, ile yenye mikunjo mingi iliyojaa kwenye vifundo vya miguu, na kanzu ya kike ya kuvaliwa juu yake. Nilikwenda kwa ubishi. Nilitaka kuona ni kipi hao wanachoweza kunionyesha mimi.

Walinionyesha adabu kwanza. Mwalimu wetu alikuwa bibi kutoka Mambrui, mwembamba, mkali, asiyecheka ovyo. Aliupokea mshono wangu wa kwanza, akautazama, akaufumua wote mbele za watu, kisha akaniuliza kama niliushona huku nakimbizwa. Hasira zangu hazikai mbali, na siku hiyo nusura nichukue mkasi wangu niende zangu. Nilibaki kwa sababu moja tu, nilitaka siku moja bibi huyo atafute la kufumua alikose.

Cherehani ilikuwa marufuku katika nyumba ile, na tepu pia. Kitambaa kilipimwa kwa mkono wa yule atakayekivaa: dhiraa yake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shibiri yake, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho. Kwa wanafunzi wanawake hilo halikuwa tatizo, walipimana wenyewe kwa wenyewe huku wakicheka. Sisi wanaume tulikuwa wawili, na nguo zenyewe ni za kike. Mwanamume hamshiki mwanamke kumpima, hata huku kwetu Kibarani siku hizi. Mwanamke hutuma nguo yake inayomkaa vizuri, ikaja ndani ya mfuko, na fundi akaipima hiyo nguo. Unaweza kumshonea mwanamke miaka mingi, ukampita sokoni usimjue. Mwalimu alisema mafundi wa zamani nao walifanya hivyo hivyo, kwa hiyo sisi wawili tutafute watu wetu watutumie nguo.

Somo lililonishika zaidi halikuwa la kushona. Siku moja mwalimu alitoa kanzu kuukuu iliyowahi kuvaliwa na watu wa kwao, akatuambia tuitazame upande wa ndani tumweleze imepitia nini. Hatukuona kitu. Akatuonyesha matundu. Hapa ilipanuliwa, akasema, mwenyewe alikuwa mja mzito. Hapa ilibanwa, ilipopewa binti. Pamba ikishonwa kisha ikafumuliwa, matundu hubaki, na kama nguo haijafuliwa utayaona waziwazi kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyefundishwa mchezo mpya. Kwa wiki nzima nilipindua kila nguo iliyoingia kibandani, nikawa nawaambia wateja wangu mambo yao, na wengine hawakupenda.

Mwisho wa mafunzo nguo zetu zingevaliwa ukumbini, mbele ya wanawake peke yao, milango imefungwa na mapazia yameshushwa. Maana yake mimi nisingeona kazi yangu ikitembea, labda aivae mtu wangu wa nyumbani nimtazame kabla. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, na alinijibu kwamba hatasukumizwa ndani ya marinda kama mto ndani ya foronya. Akabaki dada.

Dada yangu anaishi Takaungu. Mumewe alifariki, mabinti wameolewa mbali, yuko peke yake katika nyumba ya familia. Ndiye aliyenilea tangu mama alipokufa, na amenipita umri wa kutosha kunichapa, kazi aliyoifanya kwa moyo wote. Alikuwa mwanamke wa kujaa mlango, na alijivunia hivyo. Nilipompigia simu kumwambia kuwa yeye ndiye atakayevaa nguo ya marinda, alipiga kigelegele hapo hapo. Kabla sijala chakula cha mchana, nusu ya Takaungu ilikuwa na habari.

Kisha akaanza kunikwepa. Nikimwambia nitumie nguo nipime, kesho. Kesho ikifika, jirani wa kuileta hakupita. Mke wangu alikuwa amekwisha kunidokeza jambo. Sikukuu ya Idd walipokumbatiana, alisema, aligusa mifupa ndani ya buibui. Nikamwambia ni mimba inamfanya awaze vibaya. Lakini mimi pia nilikuwa nimeona kitu siku hiyo: dada alikaa na jagi la maji pembeni, akimimina na kunywa, akimimina na kunywa, na nilipomuuliza alisema ni joto. Pwani hii nani atabishana na mtu kuhusu joto?

Kumwambia aende hospitali si jambo la kusema hivi hivi. Mama yetu aliingia hospitali kwa miguu yake, analalamika tumbo, na dada ndiye aliyempeleka. Alimrudisha amefunikwa. Tangu hapo dada hujitibu kwa habasoda, tangawizi na dua, na ukitaja neno hospitali mbele yake huinuka akaenda kuosha vyombo, hata kama ni visafi. Mabinti zake wamejaribu, mimi nimejaribu. Tulikuwa tumemwachia, kwa kuwa hakuwahi kuugua.

Sasa nilikuwa na nguo yake mkononi, na mstari wa matundu haukuwa mmoja. Ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa karibu na mshono wa asili, wa pili umeingia ndani zaidi, upana wa kiganja changu. Alipungua akaibana, akapungua tena akaibana tena, na nguo haikuwahi kufuliwa kwa nguvu tangu hapo. Haya yalikuwa mambo ya juzi juzi. Nilijaribu kujiambia labda aliiazima mtu. Haikunisaidia. Niliogopa, nasema kweli.

Jumamosi nilikwenda Malindi na nguo ile pamoja na kitambaa changu cheupe, nikakaa bila kukata. Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye pindo. Mwalimu alipita mara ya kwanza asinisemeshe, mara ya pili akasimama akauliza kama nangoja kitambaa kijikate. Nikaipindua nguo nikampa. Alipitisha kidole gumba juu ya matundu, mstari wa kwanza, kisha wa pili, polepole. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia.

"Nikate kwa kipimo kipi?" nikamuuliza.

"Kwa cha ndani," akasema. "Ukikata kwa hiki alichokuletea, utakuwa umekubaliana naye kuficha."

Kisha akaniambia meza yangu ni chafu, akaondoka.

Nilikata. Sijawahi kuogopa mkasi kama siku ile. Nilikata badani ya mbele na ya nyuma, nikakata taharizi, vile vipande vya ubavuni, nyembamba, nyembamba kuliko ninavyozikata kwa msichana wa shule, na vikwapa vidogo vya kutia chini ya mikono. Kitambaa kilichokatwa kidogo hakirudi. Kama nimekosea, nitakuwa nimemtukana mwanamke aliyenilea, nimemwambia kwa kitambaa kwamba amekwisha. Na nilitaka niwe nimekosea. Nilishona marinda mkunjo baada ya mkunjo nikiomba nguo hii imkatae, ishindwe kupita mabegani, anitusi, anitupie kiatu, tucheke.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wateja waliponisemesha niliwajibu kwa mkato. Mke wangu aliniambia nimpigie simu dada nimuulize waziwazi, nikamjibu kwamba akiulizwa kwa simu atakata simu, atafunga mlango, na nitakuwa nimempoteza kabla sijamfikia. Nguo ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kuingia nyumbani mwake bila yeye kuinuka kwenda kuosha vyombo.

Nilikwenda Takaungu asubuhi, nguo imekunjwa ndani ya mfuko, mishono ya pembeni ikiwa ya bandi tu, ile ya kushikiza kabla ya kushona ya kudumu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kwa maneno mengi kuliko kawaida yake. Alikuwa amevaa dera pana na leso mbili juu yake, moja kiunoni, moja mabegani, ndani ya nyumba, mchana wa joto. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Kila alipomaliza sentensi alikunywa maji. Aliuliza habari za mke wangu na mimba na mvua, akasema nguo niiache mezani, ataijaribu baadaye kwa nafasi yake, sasa acha aninunulie samaki.

Nikamwambia sikujia samaki. Lazima niione mwilini, niweke alama za pindo.

"Nguo niliyokutumia haikutosha kukupa kipimo?"

"Nimeona matundu, dada."

"Matundu gani?"

"Umeibana mara mbili, kisha ukafumua."

Kikombe kilikuwa mkononi, akakiweka chini bila kunywa. Nje mtu alikuwa akikuna nazi.

"Kwani we ni fundi au askari?" akasema.

Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akauchukua kwa ghafla kama anayenyang'anya, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nilingoja. Nilisikia kitanda kikilia, kisha kimya, kisha kitanda tena. Alikuwa akikaa kupumzika. Mwanamke aliyekuwa akitwanga kinu kizima peke yake alikuwa anapumzika katikati ya kuvaa suruali. Nikainuka, nikakaa, nikainuka. Nilitaka kubisha mlango, na haya ikanishika. Nikabaki nimeushika ukingo wa meza.

Alipotoka, sikuelewa mara moja nilichokuwa nakiona. Kanzu ilikuwa imemteleza bega moja. Marinda yalikuwa yamelala sakafuni, yamefunika miguu yote, na yeye ameishika suruali kiunoni kwa ngumi isidondoke. Nilikuwa nimekata kwa kipimo cha ndani kabisa, kipimo nilichoona aibu kukikata, na bado nguo ilimpwaya. Alikuwa ameendelea kupungua baada ya kuacha kubana.

"Umeikata kubwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nililia. Sikutoka nje, sikugeuka ukutani, nililia pale pale mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu. Yeye hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, nguo imemzunguka, akasema alitaka aivae mara hii moja, wanawake wenziwe wamwone, kisha Mungu afanye apendavyo. Akasema hajui ana nini, wala hataki kujua. Akasema, "Kule nikienda sirudi, na wewe wajua."

Hapo hasira ilinipanda. Nilimwambia mama alikwenda akiwa amechelewa, na yeye anajichelewesha kwa makusudi. Nilimwambia amenifunga mimi na mabinti zake midomo kwa miaka, kila mtu anamwogopa, na sasa uoga wetu unamuua. Nadhani majirani walisikia, maana nazi iliacha kukunwa. Kisha nikapiga magoti nianze kukusanya marinda kutoka sakafuni, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

"Mimi nilikuwa na mama mmoja, akafa," nikamwambia. "Wa pili ndiye wewe. Wa tatu sina."

Aliweka mkono kichwani pangu, ukakaa hapo, mwepesi. Baadaye aliuondoa akafuta midomo yake.

"Nitie pini kiunoni," akasema. "Twende hivi hivi. Nikiivua sitoki humu."

Nikamtia pini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumshika dada yangu kiunoni, na pini ziliingia kitambaa juu ya kitambaa, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka nikaufikia mwili. Nikamvalisha buibui juu yake. Jirani mwenye tuktuk aliitwa, akatupeleka mpaka mjini Kilifi. Tulipovuka daraja alifumba macho, na mimi nilimshika mkono nikiwa na hofu kwamba atamwambia dereva ageuze. Alikuwa akipumua haraka haraka kama mtu aliyepanda ngazi, na sikupenda pumzi ile.

Hospitalini walimwambia avue buibui apande mizani. Akalivua. Akasimama pale juu ya mizani, ndani ya kanzu nyeupe na suruali ya marinda yenye bandi za uzi mwekundu ubavuni na pini kiunoni kote, na foleni nzima ikageuka. Mwanamke mmoja mtu mzima alisema kwa sauti ya mshangao kwamba nguo hiyo hajaiona tangu utoto wake. Dada aliinua kidevu. Niliona amejikaza asianguke, na niliona pia kwamba, hata katika hali ile, alipenda kutazamwa.

Wakamtoboa kidole. Mashine ndogo ya kupima sukari haikutoa namba. Muuguzi akaitazama, akapima tena, akamwita mwenzake. Nilimuuliza ina maana gani, akaniambia sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma, na damu imeanza kuchafuka, na kwamba hawezi kuniahidi kitu mpaka waone itakavyoshuka. Alisema pia kwamba mtu huyu hakupaswa kuwa amesimama. Mambo yakaenda mbio kuanzia hapo. Kitanda, maji ya mishipani, sindano, pazia. Dada alinishika kifundo cha mkono asiniachie, na muuguzi alilazimika kufanya kazi akinizunguka.

Walitaka avae gauni la hospitali. Nilitoka nje ya pazia nikasimama huku nawasikia wakimgeuza, na marinda yakichakarisha. Muuguzi alinipa kanzu na suruali vikiwa vimekunjwa vibaya. Nilivifungua nivikunje upya, na bila kufikiri vidole vyangu vikashika ubavu wa kanzu na kuubana, kama vinavyofanya kila siku kibandani, kutafuta ni kiasi gani cha kuondoa. Pazia halikuwa limefungwa vizuri. Dada alikuwa akinitazama kutoka kitandani, sindano mkononi, macho yameingia ndani.

"Usiipunguze," akasema.

Nikasogea karibu, nikidhani sikusikia vizuri.

"Hiyo nguo usiipunguze. Iache na ukubwa wake. Nitaijaza."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando yake, nguo mapajani, nikaanza kuchomoa pini moja baada ya nyingine.